Usiitikie kwa Kichwa

Watu wa Mjini, mtaa wetu wa Waislamu hapa Meru, wakisikia kwamba nililazwa kwa masista wakati wa Hali ya Hatari, huniuliza habari za sindano, habari za chakula, na kama ni kweli vitanda vina mashuka meupe. Hayo ni mambo madogo. Mashuka ni meupe, sindano ni ndefu, na chakula wanachokipenda wenyewe ni makaroni, ambayo ukiyatazama vizuri utadhani yametoka ndani ya mbuzi. Mimi Ismael ni mchinjaji, najua ninalosema. La muhimu ni moja tu. Ukiwa umelala pale na Sista akakuuliza swali, mjibu kwa mdomo. Usiitikie kwa kichwa.

Nilikuwa natoka Ishiara na mbuzi wa bucha yangu, pasi ya kusafiria mfukoni, imegongwa mihuri mpaka haina mahali peupe. Kwenye kizuizi cha Karurumo alikuwepo homgadi mmoja, askari wa kijiji wa upande wa serikali, aitwaye Njue, mtu wa kofia pana na bunduki iliyokaribia kumzidi urefu. Alisoma pasi yangu akiwa ameishika juu chini, kisha akasema kuna mbuzi mmoja anamtilia shaka, abaki akaguliwe. Katika mbuzi wote wale, mwenye shaka alikuwa beberu wangu aliyenona kuliko wenzake! Damu ikanipanda. Nikamshika beberu pembe, Njue akamshika miguu ya nyuma, tukavutana mbele ya watu kama watoto wanaogombania kamba. Mara nikasikia kitu kinaachia chini ya tumbo, nikaenda chini, nikilia kuliko mbuzi mwenyewe. Njue akapata beberu, mimi nikapata ngiri.

Wapita njia walinibeba kwenye machela ya magunia mpaka hospitali ya Santa Ana, ya masista wa Kiitaliano, juu kidogo ya Karurumo. Nilipozinduka nilikuwa nimeshapasuliwa na kushonwa, na mzee wa kitanda cha pili alikuwa ananitazama huku anatafuna kiazi.

"Muga," akanisalimu. "Umeamka. Sista alifikiri unaenda. Uko na bahati haukuenda, maana alikuwa ameshaleta maji."

"Maji ya nini?"

"Ya kubatiza."

Mzee huyo alikuwa Mithika wa Kibirichia, mkulima wa viazi. Alianguka kutoka juu ya lori akipeleka viazi sokoni, akavunjika mguu, na gunia moja aliloambatana nalo mpaka hospitalini lilikuwa chini ya kitanda chake. Ndiye aliyenifundisha desturi za wodi ile. Mgonjwa akizidiwa, Sista Benedeta huleta pazia la kusimama, la kitambaa cheupe, akamzungushia. Nyuma ya pazia huja na bakuli la maji na kumuuliza kama anaamini. Mgonjwa akikubali, anamwagiwa, anapewa jina, na anakufa Mkatoliki. Hamlazimishi mtu, Sista Benedeta. Anauliza tu.

"Sasa mimi nilikuwa na homa," Mithika akasema. "Homa ilikuwa inanitingisha kichwa yote. Sista akaniuliza, kichwa ikakubali. Mimi mwenyewe sikuwa hapo."

"Halafu?"

"Halafu sikukufa. Sasa mimi ni Fransisko. Na Padre anasema Fransisko ni mtu wa bibi moja, na mimi niko na wawili. Wote wawili wako Kibirichia wananingojea wasikie ni nani naacha." Akashusha pumzi. "Nyinyi watu wa Mjini mnafikiri mko na shida."

Mguu wake ulikuwa umepona zamani. Kila asubuhi alichechemea mbele ya Sista, na kila asubuhi mguu tofauti. Sista alikuwa anaona, lakini lile gunia la viazi lilikuwa linasaidia wodi nzima, akanyamaza.

Nilicheka mpaka mshono ukaniuma, kisha nikaacha kucheka. Nilijifikiria mimi. Siku nitakapoitwa Fransisko, nani Mjini atakula nyama niliyoichinja? Na mke wangu Mwanatatu, aliyefungishwa ndoa na Ismael, atakuwa mke wa nani? Baba yangu amelala kwenye makaburi ya Waislamu pale Meru, na mimi ningezikwa Karurumo chini ya msalaba, peke yangu, kwa ajili ya beberu. Niliapa kwamba lolote litakalonipata pale, shingo yangu itakaa imara.

Basi nikaamua kupona haraka. Nikawa nakaa kitako, nakula makaroni bila kuyatazama, nikiulizwa hali nasema njema kwa sauti ya sokoni. Mambo yalikuwa yanakwenda sawa mpaka Wawira, mpishi wa hospitali, aliponiletea uji na habari mbaya.

"Baba, wewe usipone haraka hivyo," akaninong'oneza. "Njue anakungojea kwa geti."

Kumbe Njue na wenzake walikuwa wamemchoma beberu wangu siku ileile. Bwana Dio, yule ofisa Mzungu wa serikali, alipita kambini kwao, akaona mifupa na ngozi, akauliza ni mbuzi wa nani. Njue bila haya akajibu kwamba ni mbuzi ambaye mchinjaji mmoja wa Meru alikuwa anawapelekea watu wa msituni, na yeye, Njue, amemkomboa. Bwana Dio akafurahi sana, akamwamuru amlete huyo mchinjaji, apandishwe lori la kwenda kambi ya kizuizi. Miaka ile mtu akipanda lori lile, watu wake walikuwa wanaanza kugawana nguo zake.

"Lakini Jumamosi kikosi chake kinahamishwa, kinapelekwa juu kwa msitu," Wawira akasema. "Ukikaa kitandani mpaka Jumamosi, umepona."

Hebu nitazame hali yangu. Nikipona, Sista ananiruhusu, maana vitanda ni vichache na wagonjwa wamelala hadi barazani, na langoni ananingoja Njue. Nikizidiwa, linakuja pazia na bakuli. Ilibidi niwe mgonjwa wa kiasi, kama chai ya kiasi, na mimi sijawahi kufanya jambo kwa kiasi tangu nizaliwe.

Njue alikuwa anakuja kila siku saa ya kutazama wagonjwa. Bunduki alikuwa haruhusiwi kuingia nayo. Sista Benedeta alimwamuru aiegemeze nje, chini ya sanamu ya Bikira Maria, na ilimuuma kuiacha kuliko mtu anavyomwacha mtoto. Anaingia na kofia yake pana kichwani, anasimama miguuni pangu.

"Bado?" anauliza.

"Bado," namjibu, nusu ya sauti.

Ijumaa asubuhi Sista akautazama mshono wangu, akafurahi.

"Umekauka vizuri sana," akasema. "Nikishapima joto, unaweza kwenda nyumbani leo."

Nilipogeuka dirishani nikaona lori limesimama langoni. Siku moja tu ilikuwa imebaki, na mimi nakwenda kutolewa kwa kosa la kukauka vizuri.

"Mzee Mithika, nimekwisha," nikasema.

Mithika alifikiri, akachechemea mpaka jikoni, akasahau katikati ya njia ni mguu gani, akarudi na kiazi kilichotoka kwenye majivu ya moto.

"Tia kwa kwapa," akasema. "Ngojea kidogo, halafu toa. Homa itakuja."

Nilikitia. Bwana we, kile kiazi kilikuwa na moto wa kisasi. Nilitaka kukitoa, lakini Sista alikuwa ameshafika, kipimajoto mkononi. Akakiingiza kwapani upande uleule, akanibana mkono. Nilihesabu meno yangu kwa ulimi ili nisipige kelele. Alipokitoa akakitazama. Akakikung'uta, akakitazama tena. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu, akachungulia nje dirishani, akaondoka.

Akarudi anasukuma pazia.

Wagonjwa waliokuwa wanapiga soga wakaanza kupiga ishara ya msalaba. Nilitaka homa, nikawa nimejiletea kifo, na kiazi bado kiko kwapani kinaniunguza. Nikasikia viatu vya Njue vinaingia.

"Huyo mtu apone, asipone, leo anaenda," Njue akasema. "Lori iko hapa."

"Huyu hatafika jioni," Sista akajibu.

"Jana alikuwa mzima!"

"Jana si leo. Njoo umwone, lakini usimguse."

Njue akaingiza kichwa ndani ya pazia, kofia na yote. Sista akaja upande wa pili na bakuli la maji. Nikawa katikati yao, nimelala chali.

"Ismael," Sista akasema taratibu. "Unaamini?"

Njue alikuwa ananikazia macho, akitafuta dalili yoyote ya uzima. Nikisema "Hapana, Sista" kwa sauti yangu hii ya kuuzia maini, nimepanda lori. Nikinyamaza na kichwa kikacheza hata kidogo, mimi ni Fransisko wa pili. Na kichwa kilikuwa kinataka kucheza, jamani! Kile kiazi kilikuwa kimefika kwenye nyama laini, na kila kilipochoma shingo ilitaka kuruka yenyewe. Niliikaza mpaka masikio yakavuma. Nilikuwa naogopa, sifichi. Nilimwona Mwanatatu amesimama mlangoni pa bucha anaulizwa na wateja nimekwenda wapi.

Nikafungua mdomo, nikatoa shahada.

Nilianza kwa kuigiza, sauti ya mtu anayekata roho. Lakini nilipofika katikati, maneno yakanishika. Ndiyo maneno niliyomsomea baba yangu siku alipotutoka, na hapo, kati ya lori na bakuli, yalikuwa ndiyo mali pekee niliyobaki nayo. Machozi yakanitoka, ya kweli, yakaingia masikioni. Nikayarudia tena mpaka mwisho.

Sista aliliteremsha bakuli, akangoja nimalize.

Njue alikuwa amekua karibu na wachuuzi wa Kiislamu pale Ishiara, alijua maneno yale husemwa wakati gani. Akavua kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia. Alikuwa na kipara kidogo, cha huruma.

"Mzee," akasema. "Ule beberu. Ni sisi tulikula. Usiende na hiyo maneno kwa roho. Umenisamehe?"

Sasa fikiria. Mtu anakuomba msamaha kwenye kitanda cha mauti, na jibu lake ni kuitikia kwa kichwa. Lakini Sista amesimama palepale, bakuli mkononi! Sikutikisika.

"Mzee, nisamehe, tafadhali. Hata na kichwa tu."

Nikatazama dari. Shingo yangu ilikuwa mti. Njue akarudi nyuma hatua kwa hatua, akajikwaa kwenye mguu wa pazia, akatoka mbio. Baadaye Wawira alituambia kwamba alifika kwenye lori kabla ya kukumbuka bunduki, na akamtuma mwenzake aifuate.

Sista alisubiri mpaka lori liondoke. Kisha akaniinua kichwa, akanipa lile bakuli mdomoni.

"Kunywa," akasema. "Halafu toa hicho kiazi kabla hakijafika kwenye mfupa."

Nikakitoa. Akakipokea kwa ncha za vidole, akakipitisha upande wa pili wa pazia.

"Fransisko, kiazi chako."

"Asante, Sista," Mithika akaitikia kwa unyonge.

Nilimuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu kipimajoto kilipotoka na ganda la kiazi. Akasema pia kwamba aliliona lori, na kwamba yeye hapasui watu na kuwashona ili wengine wawapakie kama kuni. Ile habari ya jioni ilikuwa uongo, na ataiungama kwa Padre, na kama nina adabu nitabaki nimelala nyuma ya pazia mpaka kesho, kimya, ili uongo wake usiwe mkubwa zaidi. Nililala kimya. Kwa mtu kama mimi, hiyo ilikuwa kazi kuliko ngiri.

Jumamosi Njue na kikosi chake walipelekwa msituni. Asubuhi hiyohiyo tulimkuta beberu mnene amefungwa kwenye nguzo ya lango, hakuna aliyejua ametoka wapi, na hakuna aliyeuliza. Nilimchinja mwenyewe, mkono mmoja umefungwa bendeji kwapani. Wodi ikala nyama na viazi, na makaroni yakapumzika.

Wakati wa kuaga nilimkuta Sista Benedeta anakunja lile pazia. Nilimshukuru mpaka maneno yakaniishia. Kisha nikashindwa kujizuia.

"Sista, lile bakuli lilikuwa la kumdanganya Njue tu, siyo?"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Yale yalikuwa maji ya ubatizo," akasema. "Ungeitikia kwa kichwa, ningekumwagia yote. Hata jina nilikuwa nimeshalichagua."

Sikuuliza ni jina gani. Nilipata nafasi kwenye lori la ng'ombe la kwenda Meru, na njia nzima kila aliyenisalimu nilimjibu kwa mdomo.