Kisahani Kisichokuwa na Sumu

Solvej alishangilia mapema, na hiyo ndiyo tabia yake tangu azaliwe. Kwenye skrini ya hadubini, seli zilikuwa zinawaka nyekundu moja baada ya nyingine. Rangi ile aliyoitia kwenye kisahani haiingii ndani ya seli mpaka utando wake utoboke, kwa hiyo peptidi yake, kipande cha protini alichokitengeneza kwa kuiga sumu ya nyuki, ilikuwa inatoboa kweli. Na alivyoihangaikia! Kesho yake asubuhi Henning, profesa wao, angeamua kama kazi hiyo iendelee au ifungwe, na fununu zilizokuwa zinazunguka kwenye maabara yao pale Odense hazikuwa nzuri hata kidogo.

"Gudrun, njoo uone mauaji," aliita.

Gudrun, mwenzake wa meza ya jirani, alikuja anavua glavu. Akatazama, akakunja uso.

"Na kisahani kisichotiwa sumu kinasemaje?"

"Bado sijakiangalia."

"Una roho ngumu wewe. Kiweke."

Akakiweka, akawasha taa. Haukupita muda, seli zile ambazo hazijaonja sumu yoyote nazo zikaanza kuwaka nyekundu. Gudrun akamgeukia.

"Hizi umezipa nini?"

"Maji ya chumvi tu."

"Basi maji yako ni hatari kuliko nyuki." Gudrun alicheka mpaka akashika meza, kisha akaonyesha kidhibiti cha taa, kilichosukumwa hadi mwisho. "Umezichoma, shoga yangu. Ulitaka picha zing'ae, si ndiyo?"

Alitaka, ndiyo. Nani hataki picha nzuri? Aibu ikampanda mpaka masikioni. Kwa desturi ya maabara ile, anayeboronga analeta keki, na Gudrun hakuchelewa kusema kwamba yeye anapenda ya tufaha.

Solvej akaanza upya na seli nyingine. Taa akaishusha mpaka picha zikawa za chengachenga, tena ikawa inawaka kufumba na kufumbua, inapiga picha, inazima. Kisahani kisicho na sumu: kimya. Chenye sumu: kimya pia. Akasubiri huku anatikisa mguu, akiwaza kwamba kazi yake ndiyo inafia hapa. Mara utando wa seli moja ukavimba kama uji unaotaka kuchemka, na wekundu ukaingia. Jirani yake ikafuata. Safari hii hakushangilia. Alirudia yote tangu mwanzo, mpaka Gudrun akamfukuza aende nyumbani.

Asubuhi, kwenye kikao cha maabara, Henning alikaa na uso wa kutotaka mchezo. "Haya Solvej, tuonyeshe unavyoua."

Akaanza kwa kueleza alivyozichoma seli kwa taa, wenzake wakamcheka bila huruma. Kisha akaweka picha za kisahani kisicho na sumu. Picha baada ya picha, hakuna kilichotokea. Henning akavua miwani, akasogea karibu, akazitazama zile seli zilizokaa tu.

"Hizi zimebaki hai," alisema. "Sasa ukiniambia zile nyingine zimeuawa na sumu, nitakuamini. Endelea na kazi yako."

 Solvej akakaa chini, anacheka na machozi yanamtoka.