Fuwele ya Fortunat

Mi sikusoma fizikia, lakini elektroni zilinikalia nyumbani muda murefu. Bwana yangu Fortunat, mwalimu wa fizikia, aliyeyushia bismuti, chuma kizito cha kung'aa, kwenye mbabula yangu ya makaa, akaiacha ipoe polepole mpaka ikawa fuwele moja nzima. Maharage yakangoja.

"Orpha," ananiambia, "ukiiweka kwenye baridi kali sana, halafu ukaongeza nguvu ya sumaku, usumaku wa chuma hiki unapanda na kushuka kama mawimbi. Ukiyahesabu, unajua elektroni zinazunguka njia gani ndani yake."

"Tunakula mawimbi?"

Akacheka. "Fuwele ikiharibika, elektroni zinagongagonga njiani. Mawimbi yanapotea."

Sumaku ya namna hiyo iko Ulaya. Profesa mumoja kule alimuahidi: tuma fuwele safi, nikiyaona mawimbi nitakuita na mke wako. Ilikuwa Julai 1996, na sisi wa mtaa wa Kanyosha tulikuwa tumechoka kuzika majirani waliouawa na vita. Mi nilitaka kuondoka, basi. Yahaya, mufanyabiashara tunayemujua, alikuwa anapanda ndege ya Ulaya kesho yake. Tukatoka kumupelekea fuwele, imefungwa kwenye kitambaa.

Kwenye bariyeri iliyofunga barabara, mwanaume mwenye bunduki akafungua kitambaa.

"Hii ni plomb, chuma cha risasi. Munayeyushia waasi masasi."

Fortunat akaanza somo. Jamani, mume wangu! Sumaku, elektroni, profesa. Yule mutu akakoki bunduki.

"Plomb ni laini, ukiigonga inabonyea tu," Fortunat akasema haraka. "Hii inavunjika."

"Basi igonge."

Akamupa jiwe. Fortunat akalinyanyua, mukono ukabaki juu.

"Apana," akasema. "Siwezi."

Nikamunyang'anya jiwe. Niligonga mpaka fuwele ikawa chembechembe kwenye vumbi. Yule mutu akaziangalia, akatufukuza kwa mukono tupite.

Fortunat alipiga magoti anaokota. Nilimuvuta kwa shati, nina hasira, nataka kumupiga na kumukumbatia. Njiani hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Yahaya aliondoka bila kitu. Mwisho wa mwezi, vikwazo vya nchi jirani vikaanza na ndege zikasimama. Septemba, Fortunat alitoka kununua mukate, watu wenye bunduki wakamupiga risasi barabarani, hata swali hawakumuuliza.

Mama yake anakuja kukaa na mi jioni. Anasema kwa upole kwamba fuwele ingefika Ulaya mutoto wake angekuwa muzima. Hasira inanipanda, kisha inanishuka, maana ni muzazi.

"Mama," namujibu, "ningeiacha nzima ungemuzika Julai. Mi nilikupatia Agosti."