Kisanduku cha Betri na Chai ya Wageni

Mwaka themanini na nne, ushirika mmoja wa wakulima wa tumbaku pale Tabora ulipata kompyuta, na watu wakawa wanakuja kuichungulia kama bibi harusi. Aliyeiendesha alikuwa Zamda binti Mabruki, na adui yake alikuwa mmoja tu: umeme. Ukikatika, hata kwa kufumba na kufumbua, mashine ilisahau yote, na Zamda alianza upya kuingiza hesabu za wakulima, kijiji kwa kijiji.

Meneja, Bwana Raymundi, alitaka jenereta. Jenereta bwana inanguruma, mpita njia anajua hapa pana ofisi! Zamda akamwambia kwa adabu kwamba dizeli yenyewe ni ya foleni, tena mpaka jenereta iwashwe, mashine itakuwa imeshasahau. Betri haina cha kusubiri kuwashwa, inapokea pale pale. Akashikilia hivyo mpaka meneja akachoka, na kisanduku cha betri kikaja kwa treni kutoka Dar es Salaam.

Kikamwaibisha mara mbili. Umeme ulikatika, kisanduku kikapokea vizuri, kisha ghafla kikalia na kuzima.

"Ijumaa kinarudi kilikotoka," akasema Raymundi, "na kompyuta inakifuata. Mgawo wa mbolea tutauandika kwa mkono."

Kwa mkono, na mvua ziko mlangoni! Bila mgawo, mkulima wa Urambo hapewi hata gunia moja, na kuandika vijiji vyote kwa mkono kungemalizika miche imeshazeeka kitaluni. Zamda aliumia, maana chaguo lilikuwa lake.

Alhamisi wakaja wazee wa Urambo kuulizia mbolea, wakiongozwa na Mzee Lugembe. Zamda akawaamkia, wakaitikia marahaba, wakakaa kwenye benchi. Hawajatulia, umeme ukakatika. Kisanduku kikapokea. Zamda akaendelea kuchapa, roho juu juu, kila mara akigeuka kukitazama kule nyuma yake karibu na mlango.

Ndipo alipomwona Mama Veneranda, mpika chai wa ofisi, anaingia polepole na birika la umeme mkononi, anainamia kisanduku. Mama huyu ndiye aliyemtetea Zamda watu waliposema kazi ya mitambo si ya binti. Na mgeni akae bila chai mbele ya Mama Veneranda? Thubutu. Umeme ukikatika jikoni, yeye alitafuta soketi yenye moto popote ilipo. Ikizima nayo, alichomoa birika lake na kwenda zake, akidhani umeme umeisha na humo.

"Mama, naomba usichomeke," Zamda akasema taratibu.

"Nina wageni, mwanangu."

"Najua, mama. Lakini birika linakula umeme kuliko kompyuta. Kisanduku hakiwezi kuvilisha vyote viwili."

Mama Veneranda akalitazama birika. "Kwa hiyo juzi ilikuwa mimi. Na ile siku nyingine."

Zamda akaitikia kwa kichwa, kisha akarudi kuchapa.

Mama akatoka na birika lake. Punde moshi wa mkaa ukaingia dirishani, na wazee wa Urambo wakatoka mmoja mmoja kwenda kupepea jiko kwa kofia zao. Ndani, mashine iliendelea kuchapa mgawo mpaka kijiji cha mwisho.

Raymundi akasikia mashine ikichapa, akaja mbio. "Umeme umerudi?"

"Bado, bwana," akasema Mama Veneranda akiwa mlangoni. "Kisanduku ni kizima. Kilikuwa kinauawa na birika langu. Binti alichagua vizuri."

Raymundi, aliyelinunua birika lile kwa majigambo yake mwenyewe, akajikuna kidevu. "Basi kibaki," akasema. "Birika ndilo liende stoo."

Chai ilipoiva, kikombe cha kwanza alipewa Mzee Lugembe, kama ilivyo ada. Akakipokea kwa mikono miwili, akainuka nacho, akakipeleka mezani kwa Zamda.

"Kunywa wewe kwanza, mwanangu. Umetuwahishia mgawo kabla ya mvua. Asante sana."

Zamda hakuwahi kunywa kabla ya mzee. Akanywa, chai ina harufu ya moshi, na machozi yakamtoka. Akawashukuru wote, lakini macho yake yalikuwa kwa Mama Veneranda.