Dawa ya Mwanatabu

Mwidani hakuogopa chochote ila Mungu na muarobaini. Homa ikimshika, mkewe Mwanatabu humfukuza nyumba nzima na kikombe cha majani yale machungu, naye mtu mzima mwenye ndevu zake.

Mwaka wa tisini na tatu wadudu waliivamia bamia yao pale Likoni. Mwidani akataka dawa ya dukani, ile ya chupa yenye picha ya fuvu. Mwanatabu akakataa katakata. Shamba lilikuwa la mamake, na maji ya muarobaini ndiyo yaliyolitunza tangu yeye hajazaliwa. Wakapatana hivi: Mjerumani anayetafuta bamia ya kupeleka kwao akiikubali yao, chupa itabaki dukani, akiikataa, Mwidani atapiga atakacho.

Mjerumani huyo, Hanne, akaja, jasho likimtiririka, Kiswahili chake cha kitabuni. Akaeleza kwamba wakulima wa kwao wanaogopa kuacha sumu, maana maduka hayataki mboga yenye hata doa moja. Alitaka kuwapelekea bamia yenye madoa, waone kuwa watu huila na wakaishi. Mwanatabu akampenda papo hapo.

"Mama, unapiga dawa?"

"Napiga, mwanangu. Kila wiki."

Uso ukamsawijika Hanne. Akashukuru, akafunga mkoba wake, akashika njia. Mwanatabu akabaki ameduwaa, shamba la mamake analiona linakwenda, wala hajui alipokosea. Ameulizwa, naye amesema kweli.

Aliyeelewa ni Mwidani. Angeweza kunyamaza, kwani alikwisha kushinda. Akamtazama mkewe alivyosimama pale na kanga yake imemlegea begani, na moyo ukamshinda. Akaliendea dumu la muarobaini, akachota kikombe.

"Ngoja, bibi!" akamwita mgeni. "Dawa tunayopiga ndiyo hii!"

Akainywa yote, macho yamemtoka pima, ndevu zikimtetemeka.

"Sasa nenda kamwambie mwenye duka la sumu naye aonje yake."

Hanne akarudi. Akakinusa kikombe, akacheka, akaufungua tena mkoba na kuuliza bamia itakuwa tayari lini.

Mwanatabu alikuwa amekaa chini kwenye matuta, anacheka huku analia.

"Wallahi, Mwanatabu, nakupenda," Mwidani akasema, akitema mate. "Lakini usinizoeze."