Fundo la Kinyonga

Mti ulilia kama mlango unaong'olewa bawaba zake. Mutanu aliinua uso na kuona tawi kubwa likigeukia upande ambao hakuna aliyeutazamia. Lilimpiga bosi wake, Wepukhulu, kule juu mtini, kwenye helmeti, likamkwangua bega, kisha likaanguka uani kwa kishindo kilichotikisa mabati ya nyumba zote za ploti. Kule juu msumeno wa mashine ukazima. Wepukhulu aliachia mikono yote miwili.

Lakini hakuanguka. Alilala nyuma ndani ya mikanda yake, kichwa kimeinama, miguu inaning'inia.

"Fundo limemshika," Mutanu akasema, kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuisikia vizuri.

Walikuwa wamekuja Gatina, huku Kawangware, kuushusha mkaratusi ulioinamia nyumba za watu baada ya mvua kubwa. Wepukhulu alipanda. Mutanu, msichana wa Kitui, na Ken, kijana wa Kisumu Ndogo, walibaki chini kushika kamba na kuburuta matawi. Mama Akoth, muuza samaki wadogo wa omena aliyeishi chini kabisa ya mti huo, ndiye aliyewasumbua majirani hadi wakakubali ukatwe. Sasa alisimama mlangoni kwake, mikono kichwani, akimwita Mungu kwa Kijaluo.

"Wepu!" Ken akapaza sauti. "Wepu, unanisikia?"

Buti za Wepukhulu ziliyumba tu hewani.

"Mama, piga simu ya ambulansi," Mutanu akamwambia Akoth. "Waambie waje mpaka pale barabarani, hapa ndani gari haliingii."

"Na yeye atakaa huko juu mpaka lini?" Akoth akauliza.

Hilo ndilo swali lililomkata Mutanu maini. Mtu aliyezirai hawezi kuachwa aning'inie kwenye mikanda. Damu hukwama miguuni, na anaweza kukata roho bila kuguswa na kitu kingine. Wepukhulu mwenyewe ndiye aliyewafundisha hayo. Na Ken hakuwa amewahi kupanda hata mpera.

Mutanu alikuwa amepanda. Wepukhulu alimfundisha, akamfundisha pia lile fundo ambalo wao walikuwa wakiliita kinyonga. Ni kipande cha kamba kinachozungushwa juu ya kamba kubwa, mzunguko juu ya mzunguko, kisha ncha inapitishwa chini ya mizunguko ya mwisho. Ukilisukuma likiwa halina uzito, linateleza. Ukilikalia, linauma kamba na kushika. Ukitaka kushuka, unalibonyeza polepole kwa juu, nalo linakuachia kidogo kidogo.

Mwaka uliopita, kwenye mti mwingine, Mutanu aliwekewa kamba mpya yenye utelezi, naye akazungusha mizunguko michache. Fundo likaanza kukimbia. Kwa woga akalikamata kwa mikono yote miwili, na hapo likakimbia zaidi, kwa maana kulikamata ndiko kulifungua. Alitua kwenye ua wa miti, viganja vimechubuka. Tangu siku hiyo hakuwa amepanda mti tena. Wepukhulu hakumlazimisha. Alimwambia tu, "Siku ukitaka, mti uko," wala hakulirudia tena.

Kwenye mkaratusi huu kulikuwa na kamba ya pili. Wepukhulu hakuwahi kukata tawi kabla ya kupitisha kamba ya akiba kwenye panda imara na kuiacha ikining'inia pande zote mbili hadi chini. Ken alizoea kumcheka kwa hilo. Sasa Ken aliishika kamba hiyo, akamtazama Mutanu.

"Nipe mikanda ile ingine," Mutanu akasema.

Aliivaa. Vidole vilijua kazi yao. Akafunga ncha moja ya kamba kwenye mikanda, akazungusha kipande cha fundo kwenye upande wa pili, akazungusha tena, akaongeza mzunguko mmoja kwa ajili ya hofu, akapitisha ncha, akavuta. Kisha akakunja magoti, akakaa hewani karibu na ardhi. Fundo likauma. Akaruka ruka juu yake. Likauma tu.

"Iko poa?" Ken akauliza.

"Iko. Usiguse hiyo kamba mpaka nikwambie."

Akavuta upande wa pili wa kamba, mwili ukapanda. Akasukuma fundo juu, akakaa. Akavuta, akasukuma, akakaa. Magome ya mkaratusi yalimbandukia usoni. Hakutazama chini. Alitazama soli za buti za Wepukhulu, zikawa kubwa zaidi kila alipokaa, hadi akazifikia na kuzigusa.

"Bosi. Ni mimi, Mutanu."

Wepukhulu alikoroma. Alikuwa anapumua! Mutanu alihisi machozi yakimjia, akayameza. Akamshika mkono, akajifunga naye kwa kamba fupi ili wasiachane. Msumeno uliokuwa ukining'inia kiunoni mwa Wepukhulu akaufungia kamba, akaushusha kwa Ken. Kisha akafungua mkanda uliokuwa umemshikilia Wepukhulu kwenye shina. Mwili wake ukayumba, ukatulia. Sasa kila mmoja alikuwa kwenye kamba yake na fundo lake, na mafundo yote mawili yalikuwa mikononi mwa Mutanu.

Akaweka kiganja cha kulia juu ya fundo lake, cha kushoto juu ya fundo la Wepukhulu. Akabonyeza. Lake lilisogea. La Wepukhulu likakataa.

Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Likakataa kabisa. Lilipobeba uzito wa mwanamume mzima kwa ghafla, lilikuwa limejikaza hadi mizunguko ikaingiana.

"Vipi?" Ken akaita kutoka chini.

"Limekwama!"

Alisikia woga ule ule wa mwaka uliopita ukimwambia ashike chochote kwa mikono yote miwili. Akaacha mafundo yote. Akakaa tu, mikono mitupu, akapumua. Fundo lake lilimbeba. Halikumdai chochote.

"Bosi," akamwambia Wepukhulu sikioni, "fungua macho. Fungua macho, Wepukhulu, usinifanyie hivi."

Macho yakafunguka nusu.

"Nani amekuweka juu?" akauliza kwa kukwaruza.

"Wewe. Sikia, kuna kisiki cha tawi hapo kwa mguu wako wa kulia. Kanyaga. Jiinue kidogo tu."

"Bega langu..."

"Najua. Kanyaga na mguu, bega achana nalo."

Akamsaidia kuuinua mguu ule na kuuweka kwenye kisiki. Wepukhulu akauma meno, akajiinua kiasi cha upana wa kiganja. Kamba ikalegea. Mutanu akalisugua fundo upande wa juu kwa kidole gumba, akalisukuma juu, akalizungusha, akalisikia likilainika.

"Kaa sasa."

Akakaa. Likauma. Akabonyeza, nalo likaachia.

Walishuka hivyo, bega kwa bega, polepole. Kila mafundo yalipotaka kwenda kasi, Mutanu aliinua viganja, nayo yakasimama yenyewe. Chini, wanawake wa ploti walikuwa wametandika godoro, na hatimaye buti za Wepukhulu zikagusa ardhi. Ndipo Akoth alipopiga kigelegele, na ploti nzima ikaitikia.

Wahudumu wa ambulansi walimbeba kwa machela kupitia kwenye vichochoro. Mfupa wa bega umevunjika, walisema, na kichwa kimetikisika, lakini atapona. Kabla hajaondoka, Wepukhulu alimwita Mutanu kwa kidole.

"Hilo fundo langu," akasema, "ulilegeza kwa chini ama kwa juu?"

"Kwa juu."

"Sawa," akasema, akafumba macho. Kisha akayafungua tena. "Asante, msichana wa Kitui."

Akoth alimkalisha Mutanu kwenye kiti cha plastiki, akamshikisha kikombe cha chai. Chai ikamwagika magotini. Ken alimtazama, akaanza kucheka, na Mutanu naye akacheka, akacheka hadi mbavu zikauma, huku machozi aliyoyameza kule juu yakimtoka bila aibu.

"Mwacheni acheke," Akoth akawaambia majirani, akichukua kikombe kukijaza upya. "Leo hakuna wa kumzuia."