Singano Aingia Korona

Jana usiku niliota tumeshafungua nyumba ya wageni kwenye kile kiwanda cha zamani cha mkonge, na mgeni wa kwanza ni mume wangu, Singano. Anataka kujaribu kitanda. Nikaingiwa na shaka hapo hapo, maana nyumbani hata mto hajawahi kuusifu.

Afisa wa majengo ya kale alituonya: vitanda tuweke, rangi tupake, ila njia ya kazi ya kiwanda ibaki ilivyokuwa. Tukasema sawa.

Singano anapita mlango uliokuwa wa kuingizia majani. Kwenye kaunta imekaa korona yenyewe, ile mashine ya kukwangua mkonge, imevaa tai.

"Karibu, mama. Mzigo wako tumeupokea."

"Huyo ni mume wangu."

"Kinachoingia jani hutoka robota la katani. Ndiyo njia ya kazi."

Naifuata korido, na korido ni uwanja wa kuanikia. Mashuka yetu mapya yananing'inia kwenye kamba, na katikati yake Singano, amekunjwa kiunoni, anakauka. Ananiambia kitanda si kibaya. Roho ikaniuma, maana maskini hajui anapelekwa wapi.

"Robota likishafungwa linakwenda wapi?" nikauliza.

"Melini," ikasema korona, ambayo sasa iko pembeni yangu na sikuiona ikitembea. "Daraja la kwanza huenda ng'ambo. Mbovu ndiyo hubaki hapa hapa."

Nikaitazama vizuri. Ilikuwa inajua fika ninachowaza.

"Basi huyu ni mbovu," nikasema.

"Thibitisha."

Nikasema anakoroma. Nikasema hula jikoni akiwa amesimama, kisha anaapa hajala. Nikasema bomba letu linavuja tangu binti yetu Zaina hajaota meno, na sasa Zaina yuko sekondari. Mashuka yakageuka kusikiliza. Korona haikuridhika, na kamba ikaanza kusogea kuelekea kwenye mashine ya kufunga marobota.

Nikalia. Nikatoa na lile nililomwapia sitalisema popote: kwamba Singano anaogopa giza, ndiyo maana taa ya sebuleni hatuizimi.

"Daraja la mwisho," ikasema korona. "Mchukue."

Nikaamka. Singano ameketi ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo. Nikamuuliza kuna nini.

"La kukoroma sawa," akasema. "Lile la giza si ungenisitiri tu, mama Zaina."