Siku Ireri Alipomtaja Mamake

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, husema watu. Basi waje waniambie Ruguru, mjane wa kaka yangu, alimlea vipi huyu Ireri.

Kijana alienda Nairobi, akaanzisha bendi ya roki, akajichora majoka mikononi. Miaka yote hiyo hakukanyaga nyumbani. Kisha akampigia mamake simu: "Mathe, tunakuja kupiga shoo Embu. Kuja. Nitakutaja mbele ya watu." Ruguru alitangaza habari hiyo kanisani, kiwandani tunakopeleka kahawa, hata kwa kinyozi. Akanikokota na mimi, shangazi wa nyota.

Uwanja ni ule wa zamani, ngazi zake za saruji zimepasuka zikaota nyasi. Tulikaa katikati ya vijana waliovaa nguo nyeusi, sisi na vitambaa vyetu vya kichwa, vya bluu, vya chama cha akina mama. Magitaa yalipoanza kunguruma nilihisi meno yakicheza. Ruguru hakujali. Alikuwa akikifunga upya kitambaa chake kila mara, maana mtu akiitwa jukwaani sharti aonekane nadhifu.

Magitaa yakanyamaza. Ireri akashika maikrofoni.

"Huu wimbo ni wa mathe," akasema. "Alikuwa ananibeba mgongoni akipeleka kahawa. Alikufa nikiwa class four. Mathe, lala salama."

Uwanja mzima ukawasha tochi za simu. Watu wakalia. Nikasimama nipige kelele kwamba mamake huyu hapa. Ruguru akanivuta sketi.

"Kaa chini. Tutamharibia kazi."

"Amekuzika, na wewe unamhurumia kazi?"

"Kaa, Wanjira."

Nikakaa. Nilimchukia yule mtoto, na Ruguru nikamchukia kidogo pia. Wimbo ulipokaribia kwisha, Ireri akatazama upande wetu, vitambaa viwili vya bluu kati ya weusi wote ule. Alituona. Akageuka, akawapungia mkono watu wa upande wa pili.

Msichana aliyeketi karibu nasi aliona machozi ya Ruguru, akampa tishu.

"Pole, shosho. Kwani ulimjua mamake?"

"Nilimjua."

"Angekuwa hapa leo, angefurahi sana."

Ruguru akajipangusa macho, taratibu, jicho moja kisha la pili.

"Angekuwa hapa," akasema, "angenyamaza tu."